Joto la Giaboksi

Dereva wa pikapu yenye giaboksi ya otomatiki akiona mafuta ya giaboksi yamepita nyuzi 120 za Sentigredi, na asimame kando ya njia, aweke gia huru, aiache injini izunguke polepole mpaka yapoe. Yakiungua, giaboksi huharibika.

Sababu ni nini? Kesho yake alfajiri, gari likiwa baridi, afungue swichi asiwashe injini. Mshale ukionyesha moto, kosa ni la kipimo au waya zake; asiifungue giaboksi bure. Mshale ukisema kweli, atazame kama mafuta yamepungua au yananuka kuungua, asafishe matope na nyasi katika kipozeo mbele ya rejeta, tena apime mzigo wake.