Karatasi Iliyo Baina ya Ofisi Mbili

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanachama mbele ya mkutano wa Chama)



Halmashauri imenitaka niseme juu ya vijana wa makabila ya wenyeji, yaani wale ambao wazee wao walikuwako katika nchi kabla ya wageni kuja kuitawala, na namna wanavyosaidiwa kupata elimu, kazi, na uzima wa mwili na roho. Jambo hili ni pana. Nami kwa kuwa ni karani, nimelishika kwa upande ninaoufahamu, ndio upande wa karatasi. Tena nimechagua nchi moja tu, Kanada, kwa sababu huko mambo haya yamechunguzwa, yameandikwa, na hukumu imetolewa.

Mwaka 1999 alizaliwa mtoto aitwaye Jordan River Anderson, wa watu wa kabila la Cree wakaao Norway House, katika jimbo la Manitoba. Alizaliwa na ugonjwa mzito, akalazwa hospitali mjini Winnipeg, mbali na kwao. Alipotimiza umri wa miaka miwili waganga walisema sasa aweza kutoka na kutunzwa nyumbani. Hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo kila karani ayajua. Katika Kanada matibabu ya raia wengi hulipwa na Serikali ya jimbo, lakini mambo ya wenyeji wa asili wakaao katika ardhi zao zilizotengwa huwa juu ya Serikali Kuu. Basi Serikali ya jimbo ikasema, huyu ni wenu; na Serikali Kuu ikasema, matibabu ni yenu. Barua zikaenda zikarudi zaidi ya miaka miwili. Wala hapana aliyesema kwamba mtoto hastahili kusaidiwa! Wote walikubali kuwa astahili. Mwezi wa Februari 2005 Jordan alikufa katika hospitali ile, umri wake miaka mitano, asijapata kulala hata usiku mmoja nyumbani kwa wazazi wake.

Tarehe 12 Desemba 2007 Bunge la Kanada lilikubali kwa sauti moja azimio lililoitwa kwa jina lake, Kanuni ya Jordan. Maana yake ni nyepesi: ofisi ile iliyofikiwa kwanza na ilipe kwanza, na ugomvi wa gharama ufuate nyuma, baada ya mtoto kupata haja yake. Lakini, mabwana, azimio la Bunge si kazi ya ofisi. Maofisa waliifasiri kanuni hiyo kwa ufinyu kiasi cha kuwa karibu hapana mtoto aliyeingia ndani yake, mpaka Januari 2016 Baraza la Haki za Binadamu la nchi hiyo lilipohukumu kwamba Serikali Kuu iliwabagua watoto wa wenyeji, na kwamba kule kuifinya kanuni kulikuwa sehemu ya ubaguzi huo.

Hata baada ya hukumu likatokea jambo ambalo sipendi kulisimulia, lakini bila hilo hotuba yangu haina maana. Kaskazini ya jimbo la Ontario kiko kijiji kiitwacho Wapekeka, chenye watu mia chache, ambacho kwa sehemu kubwa ya mwaka hufikiwa kwa ndege tu. Mwezi wa Julai 2016 viongozi wa kijiji waligundua kwamba baadhi ya watoto wao walikuwa wamefanya mapatano ya siri ya kujiua. Wakafanya kama ipasavyo: waliandika barua rasmi kwa Serikali, wakaeleza hatari, wakaomba fedha za kuweka watu wa kuwatunza vijana roho zao. Barua haikujibiwa kwa msaada ulioombwa. Mwezi wa Januari 2017 wasichana wawili wa kijiji hicho, kila mmoja wa miaka 12, walijiua. Ofisi ilipoulizwa ilijibu kwamba ombi lilifika wakati usiofaa katika mwaka wa fedha.

Natumaini hapana mmoja katika chumba hiki asiyepata kuandika maneno yaliyo jamaa ya maneno hayo.

Mwaka huo wa 2017 Baraza lilitoa amri iliyoweka muda: shauri la haraka la mtoto mmoja likatwe ndani ya saa 12, na lisilo la haraka ndani ya saa 48. Tangu hapo watoto wengi wamepata waganga, walimu na vyombo ambavyo wasingalivipata. Lakini msidhani mambo yalinyoka. Mwaka 2024 mashauri yaliyorundikana bila kujibiwa yalihesabiwa kwa maelfu mengi, na Baraza likalazimika kuamuru tena.

Sasa niligeukie swali ambalo huenda mwanachama analo rohoni: je, ni upesi wa barua tu unaowaponya vijana? La. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Chandler na Lalonde, walichapisha habari za uchunguzi wao katika jimbo la British Columbia. Walihesabu vijana waliojiua katika vijiji vya wenyeji, karibu 200, tangu 1987 hata 1992. Watu walizoea kusema kwamba wenyeji wa asili hujiua sana, kana kwamba ni tabia ya damu. Hesabu ilionyesha mengine kabisa: zaidi ya nusu ya vijiji hivyo havikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo, na vifo vilikuwa vimejaa katika vijiji vichache. Wakauliza, vijiji vilivyo salama vina nini? Wakaona kwamba ni vile ambavyo watu wake walikuwa wakidai ardhi yao au kujitawala, na walikuwa na shule, zahanati, polisi na zimamoto mikononi mwao wenyewe, pamoja na nyumba ya kutunzia mila zao. Kijiji chenye mambo hayo yote sita hakikupata kifo hata kimoja katika miaka hiyo. Mwaka 2007 waliongeza kwamba palipo na watu wengi wasemao lugha yao, vifo huwa vichache mno.

Hesabu ya namna hii haithibitishi peke yake kwamba zahanati ya kijiji ndiyo iliyomzuia kijana asife. Yawezekana kijiji chenye umoja ndicho kinachoweza kupata zahanati. Hata hivyo mimi nasadiki kwamba kijana amwonapo shangazi yake ni mwuguzi, na jirani yake ni mkuu wa shule, huiona kesho iliyo na nafasi yake.

Katika Nova Scotia watu wa kabila la Mi'kmaq walirudishiwa shule zao kwa sheria ya mwaka 1998, wakafundisha lugha yao humo. Na katika miaka ya 2010 karibu vijana 9 katika kila 10 wa shule hizo walimaliza masomo ya sekondari, idadi iliyopita mbali ile ya wenzao wakaao katika ardhi zilizotengwa mahali pengine. Yafaa mkumbuke kwamba hapo kale watoto wa wenyeji, kama 150,000 kwa jumla, walichukuliwa makwao wakatiwa katika shule za bweni, nyingi zikiongozwa na makanisa, wakakatazwa lugha zao. Shule ya mwisho ya namna hiyo ilifungwa katika miaka ya 1990. Mimi nilisoma katika shule ya misheni, wala sina malalamiko juu ya hesabu na Kiingereza nilivyopewa. Lakini kila likizo nilirudi nyumbani, na mama alinikuta bado naweza kusema naye.

Niwaambie na langu. Miaka michache iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, ilinifikia barua ya kijana aliyefiwa na baba yake, akiomba msaada wa karo. Nikaona kwa macho ya karani kwamba si ya idara yetu. Nikaandika pembeni, "Si yetu," nikaipeleka ofisi ya pili. Wao waliirudisha na neno lilo hilo. Ilipokuja mara ya tatu muhula ulikuwa umekwisha, na kijana alikuwa amekwenda kupasua kokoto. Sikuvunja amri hata moja ya kazi. Hakuna aliyeniuliza, na kwa hiyo nalijiuliza mwenyewe, lakini nilichelewa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa kuleta azimio: kwamba kila mwanachama apokeapo karatasi ihusuyo masomo, ugonjwa au dhiki ya kijana, asiandike "Si yetu" kabla ya kwenda kwa miguu yake, au kupiga simu, akajua kwa jina ni nani atakayeipokea, kwamba jina hilo na tarehe viandikwe juu ya karatasi yenyewe, na kwamba mwenye kuipokea kwanza ahesabiwe kuwa ndiye mwenyewe mpaka kijana ajibiwe. Najua baadhi ya wazee wa kazi watasema hayo yaongeza kazi bila kuongeza mshahara. Ni kweli, na nitafurahi kuwasikia.

Nakala za azimio nimempa Bwana Katibu, naye atazigawa baada ya chai.