Orodha Si Ushahidi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kikao cha waumini na wanamageuzi mjini Isiolo)



Tumeitwa kunena juu ya jambo lililowatenga majirani. Maduka yamevunjwa usiku. Akina mama wauza mboga wameporwa wakirudi nyumbani. Vijana wanavuta bangi mchana kweupe, na hakuna anayewauliza. Kikao cha mtaa kilipokutana kikagawanyika pande tatu: wanaotaka orodha ya majina ipelekwe kituoni ili polisi wafanye msako, wasiowaamini polisi, wanaotaka vijana washike rungu na kulinda zamu, na wale wasemao kwamba hao ni watoto wetu, tusiwauze. Hatukuja kumbeza yeyote, kwa maana kila upande una kidonda chake.

Natuitazame kwanza bangi yenyewe. Mji wetu umekaa kwenye njia. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa Isiolo, na safari ya Moyale ilikuwa ya vumbi na majambazi. Leo lami imefika mpakani, nasi tuliishangilia, na ilistahili kushangiliwa. Lakini barabara haichagui mzigo. Magari yenye bangi kutoka Ethiopia yamekamatwa mara kwa mara katika njia hiyo, yakielekea Nairobi. Basi tujiulize: kijana aliyeshikwa na msokoto mmoja nyuma ya kibanda, lori lake liko wapi? Msako humkuta yeye kwa sababu hana gari, hana wakili, wala hana pa kukimbilia.

Tuliombwa, kama wanasheria, tuipitie orodha ile kabla haijatiwa sahihi. Tumeipitia. Majina mengi hayana kosa lililoandikwa kando yake. Wamo wanaotuhumiwa wizi, wamo wavutaji, na wamo ambao kosa lao, kwa kadiri tuonavyo, ni kukaa barazani wakila miraa, zao halali linaloshuka kila siku kutoka Nyambene. Na karibu majina yote ni ya watu wa kabila moja. Hatutasema ni lipi, kwa maana kabla ya jua kutua upande wa pili ungekuwa na orodha yake.

Katika mji huu neno hilo si dogo. Wazee wa Waso wanaukumbuka wakati wanaouita Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa. Katika vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, watu wa wilaya hii walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla na kwingineko, na mifugo yao ikaangamia. Hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Aliulizwa yeye ni wa nani. Kisha sheria ya mwaka 1970 ikawafungia mlango wa mahakama waliotaka kudai fidia. Sheria za hali ya hatari huku kaskazini ziliondolewa mwaka 1991, mwaka ule ule kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikarudi. Hatukupigania mageuzi hayo ili tuje tuandikiane majina sisi kwa sisi.

Twageukia rungu. Ndugu mmoja alituambia kwamba sungusungu walifaulu Tanzania. Ni kweli kwamba, walipoanza Usukumani na Unyamwezini mapema miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe waliwaogopa, na serikali yao ikawapa nafasi katika sheria. Lakini ni kweli pia kwamba walitoka kwa wezi wakaenda kwa wachawi, na vikongwe wakateseka. Hapa kwetu, Machi 2002, makundi mawili yaliyojidai kulinda mitaa, Mungiki na Taliban, yaligombana Kariobangi Kaskazini, Nairobi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, wengi wao wasiohusika. Zamu ya usiku huanza kwa tochi na filimbi. Swali ni nani atakayemwuliza mwenye filimbi siku atakapomvunja mguu mtu asiye na hatia.

Sheria haikumwacha raia mikono mitupu. Kanuni za mwenendo wa makosa ya jinai, katika vifungu vya 34 na 35, zinamruhusu mtu wa kawaida kumkamata anayemwona akitenda kosa kubwa, lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumkamata ni halali; kumchapa si halali. Na polisi naye, kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 49, sharti amfikishe mshukiwa mahakamani upesi, na kwa kawaida kabla ya saa 24 kupita.

Kwa wanaosema tusiwauze watoto, twasema kwa heshima: mama aliyeporwa kikapu naye ana watoto, na usiku ule walilala njaa. Kumficha mwizi si huruma. Mvutaji ni jambo jingine. Tangu mwaka 1998 iko sheria ya kutumikia jamii badala ya kifungo kwa makosa madogo, na afisa wa urekebishaji husikilizwa na hakimu. Makanisa yana kumbi na yana vyoo vya kujenga. Mbona hakuna kanisa hapa lililomwendea hakimu na kusema, mtupe sisi kijana huyu?

Tunalopendekeza ni kwamba tuache kuandika wavutaji, tuandike nyumba za wauzaji. Aliyeona aseme aliona nini, siku gani, saa ngapi, kisha atie sahihi mwenyewe. Tumeshuhudia mashauri yakianguka si kwa sababu mshtakiwa hakutenda, bali kwa sababu siku ya kusikizwa shahidi hakutokea. Nakala moja iende kituoni, nyingine kwa kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, polisi na wananchi huketi pamoja. Na ikiwa askari atalala juu ya taarifa hiyo, au akampasha habari muuzaji, kuna mamlaka ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Barua kwao haihitaji wakili. Tutawasaidia kuiandika bila malipo.

Orodha ile tumeirudisha kwa mwenyekiti bila sahihi yetu. Walioona kwa macho yao, na wako tayari kuandikisha, tutakutana nao katika ukumbi huu Jumamosi, saa nane mchana. Njooni na vitambulisho.