Zana za Fundi na Mahali pa Kuziweka

Mazungumzo haya ni kwa mafundi wa pwani ya Malindi na Kilifi, hasa wale wenye karakana ndogo nyumbani kwao. Wapo mafundi seremala wenye banda la makuti kando ya nyumba. Wapo mafundi wa baiskeli na pikipiki wafanyao kazi barazani. Wapo mafundi wa mashua katika vijiji vya wavuvi. Na wapo pia watu wasio mafundi, ambao wana nyundo, msumeno na spana chache za kutengenezea mlango au kitanda. Kwa wote hao neno ni moja: katika nchi ya pwani zana nyingi hazifi kwa kufanya kazi, bali hufa kwa kuwekwa vibaya. Na fundi aliyekosa zana, hata akiwa hodari namna gani, hana budi kukaa akitazama wenzake wakila jasho lao.

Chuma si kitu kigeni katika pwani hii. Mwaka wa 1154 mwanachuoni al-Idrisi, aliyeandika kitabu chake cha nchi za dunia katika kisiwa cha Sicily kwa amri ya Mfalme Roger, alitaja kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba biashara ya chuma ndiyo iliyowapa faida kubwa. Katika mji wa kale wa Gedi, ambao bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka wa 1948, na ambao uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya mahali pa urithi wa dunia mwaka wa 2024, iko nyumba iitwayo Nyumba ya Mkasi, na nyingine iitwayo Nyumba ya Taa ya Chuma, kwa sababu ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Basi tangu zamani watu wa huku wamekuwa na zana za chuma majumbani mwao. Na tangu zamani adui wa zana hizo amekuwa mmoja, naye ni kutu.

Yafaa adui huyo ajulikane kabla ya kupigwa vita. Kutu hufanywa na maji na hewa vinapokutana juu ya chuma. Chumvi ikiongezwa, ni kama kuni zilizotiwa motoni. Katika pwani hii chumvi haikosekani. Huko Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huanikwa katika mashamba ya chumvi, jua likayakausha, chumvi ikavunwa. Chumvi iyo hiyo hurushwa na mawimbi, ikachukuliwa na upepo, ikatua juu ya kila kitu, hata ndani ya banda. Tena chumvi huvuta maji yaliyomo hewani. Kila mama wa nyumbani ameona jinsi chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika bila ya kutiwa tone la maji. Jambo hilo hutokea unyevu wa hewa upitapo kadiri ya 75 kwa mia, na pwani hupita hapo mara nyingi, hasa usiku na alfajiri. Vivyo hivyo chembe ya chumvi iliyotua juu ya patasi hulowa, na chini yake kutu huanza kula. Jasho la mkono nalo lina chumvi. Ndiyo maana alama ya kutu juu ya msumeno mara nyingi huwa na umbo la vidole vya mwenyewe.

Jambo la kwanza, basi, ni kuinua zana kutoka chini. Zana iliyolazwa juu ya udongo, juu ya mchanga wa pwani au hata juu ya saruji, hunyonya unyevu wa ardhi usiku kucha. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa hekima hii na mgeni. Katika nyumba za Wagiriama mahindi huwekwa juu ya uchaga, mahali pakavu penye moshi, wala hayaachwi sakafuni yakaliwa na wadudu. Katika nyumba za mawe za Waswahili kuta zilitobolewa zidaka, kila kitu kizuri kikapata kidaka chake. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo atunzaye mahindi yake na vikombe vyake namna hiyo, huitupa randa yake chini ya kitanda, au msumeno wake nyuma ya mlango.

Rafu ya kwanza iwe juu kwa futi moja au zaidi kutoka chini. Ubao wa kutundikia zana usigandamane na ukuta, hasa ukuta wa mawe ya matumbawe, ambao hushika unyevu. Uachwe upana wa vidole viwili ili hewa ipite nyuma yake. Paa likiwa la mabati, zana zisiwekwe chini ya maungio, kwa maana alfajiri mabati hutokwa na jasho likadondoka kama mvua ndogo. Miguu ya meza na ya rafu isimame juu ya mawe au katika makopo yenye mafuta kidogo, kwa ajili ya mchwa. Na mwenye kuchagua mbao za rafu akumbuke mwarobaini uliojaa katika vijiji vya pwani, ambao hustahimili mchwa kuliko mbao laini za bei rahisi.

Jambo la pili ni kwamba kila zana iwe na mahali pake, na mahali pale pawe pa zana ile tu. Mathalani, fundi wa pikipiki huletewa kazi asubuhi na kijana ambaye hana riziki nyingine ila abiria wake. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Lakini spana ya kumi haionekani. Hutafutwa sandukuni, hutafutwa chini ya magurudumu, mwanagenzi hushutumiwa, na mwisho huonekana mfukoni mwa koti lililotundikwa ukutani. Nusu saa imekuwa saa mbili. Kijana amekosa abiria wa asubuhi, na kesho atapeleka pikipiki yake kwingine. Hapana aliyeiba, wala hapana aliyefanya kazi mbaya. Mahali pa kuweka spana tu ndipo palipokosekana, na kwa ajili hiyo watu wawili wamepoteza fedha.

Dawa yake haina gharama. Fundi na apigilie misumari katika ubao, atundike zana zake, kisha kwa kipande cha mkaa au rangi achore umbo la kila zana pale inapotundikwa. Jioni akitazama ubao, umbo lisilo na zana humwambia mara moja ni kitu gani kisichorudi. Hata mtoto asiyejua kusoma aweza kurudisha nyundo katika umbo la nyundo. Zana zitumikazo kila siku ziwe karibu na mkono, baina ya kiuno na macho; zitumikazo mara moja kwa mwezi ziwe juu; vitu vizito, kama jiliwa isiyofungwa mezani na vipande vya chuma, viwe chini, lakini si sakafuni. Patasi na tezo zivishwe ala ya mbao au ya mpira, si ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuukaribisha kutu. Misumari, parafujo na nati zigawanywe kwa ukubwa katika makopo yenye vifuniko, na nje ya kila kopo pafungwe msumari mmoja wa namna ile ile, ili mwenye kutafuta ajue kilichomo bila ya kufunua.

Jambo la tatu ni kufuta na kupaka. Kila jioni zana ifutwe kwa kitambaa kikavu, jasho na vumbi likaondoka. Mara moja kwa juma, Alhamisi jioni au Jumamosi, kila mtu kwa desturi yake, zipakwe mafuta mepesi ya mashine, yale yatiwayo katika cherehani. Kitambaa kilicholowa kidogo chatosha zana zote. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini hayafai, kwa kuwa yana uchafu na asidi, tena hudhuru ngozi ya mkono. Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi kupita yote huko Malindi, upakaji huo uwe mara mbili kwa juma. Kazi hii haizidi robo saa. Robo saa ya kupaka mafuta ni nafuu kuliko siku nzima ya kusugua kutu kwa msasa, na siku ya kusugua ni nafuu kuliko kununua msumeno mpya.

Lakini kupotea kwa msumeno ni jambo dogo kuliko kupotea kwa nyumba. Banda la makuti likishika moto wakati wa kaskazi, makuti yamekauka na upepo unavuma, ndoo za maji hazifui dafu. Moto huruka paa hata paa. Kwa hiyo petroli, rangi na mafuta ya kuyeyushia rangi visiwekwe pamoja na zana wala karibu na jiko. Viwekwe mbali na nyumba ya kulala, kivulini, katika vyombo vilivyofungwa barabara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila ya kuonekana hata ukaufikia moto ulio mbali. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yapakwayo mbao yasirundikwe pembeni, kwa sababu yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka bila ya kiberiti. Yaanikwe nje moja moja yakauke. Na juu ya yote, mafuta ya taa au dawa yo yote ya sumu isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandiko, hutazama chupa.

Mambo haya yote yamepangwa kwa maneno machache ambayo fundi aweza kuyakariri. Katika viwanda vya Ujapani, baada ya vita vilivyokwisha mwaka wa 1945, paliwekwa utaratibu wa hatua tano za kupanga mahali pa kazi. Utaratibu huo ulifika Afrika Mashariki, na nchini Tanzania ulianza kutumiwa katika hospitali tangu mwaka wa 2007, kwa msaada wa Wajapani. Huko hatua zake zilipewa majina ya Kiswahili, yote yakianza kwa herufi moja: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Maana yake ni kutenga kinachofaa na kisichofaa; kukipa kila kitu mahali; kusafisha; kuweka kanuni moja ifuatwayo na wote; na kuishika kanuni hiyo siku zote. Utaratibu uliofaa stoo ya dawa hautashindwa na banda la seremala. Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kwa mafundi wengi, kwa kuwa kila kipande cha chuma kikuukuu huonekana kuwa kitafaa siku moja. Yapasa fundi ajiulize: kitu hiki kilishikwa lini mara ya mwisho? Kisichoshikwa kwa mwaka mzima kiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na nafasi yake ipewe zana iletayo chakula.

Limebaki jambo la kuazimana. Jirani hawezi kunyimwa nyundo. Huo si uungwana wa pwani. Lakini yafaa kidaftari kining'inizwe kwa uzi kando ya ubao, na mwenye kuazima aandikwe jina na siku. Hapo hapana haya wala ugomvi, kwa kuwa daftari halimtuhumu mtu; hukumbusha tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ziandikwe zana zote, moja moja, pamoja na alama aliyozichonga mwenyewe katika mipini, ili zikiibwa aweze kuzitambua mbele ya mkuu wa kituo cha polisi.

Basi fundi asingoje mpaka apate karakana ya mawe na kabati za chuma. Ubao mmoja, misumari ishirini, makopo kumi, kitambaa, chupa ndogo ya mafuta na kidaftari: hivyo vyatosha kuanzia. Vikianza kutumika leo, mwanagenzi ajifunzaye katika banda hilo atajifunza utaratibu pamoja na ufundi, na siku atakapotoka kwenda kuanza kazi yake mwenyewe, atajua kutunza msumeno kama ajuavyo kuutumia.