Kutengeneza Dari la Motokaa Lililolegea

(Maneno ya somo la redio kwa watu wazima. Soma polepole, kisha jibu maswali yaliyo mwisho.)

Chukueni kalamu na madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya kitambaa cha dari la motokaa.

Pengine utasema, "Mimi sina motokaa. Jambo hilo lanihusu nini?" Ngoja kidogo. Fikiri safari yako ya kwenda Mtwara mjini au Mikindani. Umepanda motokaa ya abiria iliyokwisha zeeka. Kitambaa cha juu kimeachana na dari, nacho kinaning'inia kama tanga lisilo na upepo. Kinagusa kofia yako au kilemba chako. Madirisha yakifunguliwa, kitambaa kinapepea na kuziba kioo ambacho dereva hutazamia nyuma. Dereva anakiinua kwa mkono mmoja, na usukani anaushika kwa mkono mmoja. Haoni pikipiki inayotaka kumpita. Basi jambo hili ni la abiria pia, si la mwenye motokaa peke yake.

Kwanza tujue sababu ya kulegea. Katika motokaa nyingi dari la ndani lina vitu vitatu. Kuna ubao mwepesi uliofungwa chini ya bati la paa. Kuna kitambaa tunachokiona. Na katikati kuna sponji nyembamba, iliyoshikana na mgongo wa kitambaa. Sponji hiyo hutengenezwa kwa poliuretani, kitu kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Ni kitu kizuri, lakini joto na unyevu huiozesha. Nasi watu wa pwani tunavyo vyote viwili. Ndani ya motokaa iliyofungwa juani joto laweza kupita digrii 50, na hewa ya bahari haikauki. Tena motokaa nyingi zinazoletwa nchini zimekwisha tumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mara nyingi kitambaa hakianguki kwa sababu gundi imekwisha. Huanguka kwa sababu sponji imekuwa unga. Ukipaka gundi mpya juu ya unga, gundi itashika unga tu, haitashika ubao. Baada ya majuma machache kitambaa kitashuka tena, na fedha yako imepotea.

Ninyi mnajua kukandika nyumba ya fito na udongo. Je, ukuta unaomomonyoka hukandikwa juu kwa juu? La. Hubomolewa kwanza udongo mbovu, mpaka upatikane udongo ulio imara. Dari la motokaa ni vivyo hivyo.

Wengine hubana kitambaa kwa pini. Pini zafaa kwa siku chache tu, ili dereva aone njia. Lakini zaweza kumdondokea abiria, na sponji huendelea kuoza.

Haya, tufanye kazi. Tafuta mtu wa kukusaidia.

Kwanza, fungua waya wa betri. Kisha ondoa taa ya dari, vishikio, vizuia jua na plastiki za pembeni zinazoshika ubao. Tia skrubu zote katika kopo moja. Ikiwa motokaa ina mifuko ya hewa ya usalama pembeni mwa dari, usiiguse. Mpelekee fundi anayeijua.

Pili, laza viti vya mbele. Toeni ubao taratibu kwa mlango wa nyuma. Msiukunje, maana huvunjika upesi.

Tatu, bandua kitambaa. Funga pua na mdomo kwa barakoa, kisha sugua ubao kwa brashi mpaka sponji yote iondoke. Pitisha kiganja juu yake. Kikitoka na unga, sugua tena. Hii ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo inayofanya kazi idumu.

Nne, kata kitambaa kipya, uache upana wa kiganja kila upande. Nunua kitambaa cha dari chenye sponji nyembamba nyuma. Kanga au kitenge kitupu hakifai, kwa kuwa gundi hupenya na kuacha madoa.

Tano, paka gundi kwenye ubao na kwenye mgongo wa kitambaa, nusu moja kwanza. Subiri mpaka ukiigusa haishiki kidole. Kisha laza kitambaa, ukipapasa kutoka katikati kwenda kando. Penye bonde, kisukume kiingie bondeni. Usikivute juu kwa juu. Halafu fanya nusu ya pili. Acha mpaka kesho yake, ndipo utoboe tundu la taa, ukunje kingo nyuma ya ubao, na kurudisha vitu mahali pake.

Motokaa za kale sana, kama zile Volkswagen zenye mgongo wa kobe, hazina ubao huo. Kitambaa chake kimeshonewa mikunjo, na ndani ya mikunjo hupita fimbo za chuma kutoka upande hadi upande. Kikilegea, tazama kama mshono umekatika au kingo zimebanduka. Hapo dawa ni kushona upya na kuvuta kingo zikaze.

Tena msisahau kusoma maandiko ya kopo la gundi. Kusoma ndiko mnakojifunza, na hapa kunalinda maisha. Tafuta kama gundi yastahimili joto. Ile ya digrii 70 au zaidi ndiyo salama. Soma pia onyo la moto. Moshi wa gundi nyingi huwaka na huumiza kichwa. Fanya kazi nje, mahali penye hewa, wala pasiwe na jiko wala sigara karibu.

Na wakati gani ufanye kazi hii? Chagua siku kavu za kusi, kama Julai au Agosti. Siku za mvua unyevu hutua juu ya gundi kabla haijashika, nayo haishiki vema.

Ukimpelekea fundi, muulize neno moja tu: "Utasugua sponji ya zamani yote?" Akisema hapana haja, mshukuru, uende kwa mwingine.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu. Kwa herini, mpaka tukutane tena.

Maswali

1. Dari la motokaa nyingi lina vitu vitatu. Vitaje.
2. Kwa nini gundi mpya haishiki juu ya sponji ya zamani?
3. Andika mambo mawili ya kutafuta kwenye maandiko ya kopo la gundi.
4. Kwa nini kazi hii yafaa kufanywa siku kavu?