Piga Goti Bandani

Msikilizaji, ni Julai huko Makete, kusini mwa Tanzania. Alfajiri, sakitu imetanda juu ya nyasi.

Kabla ya kukamua, mfugaji anapiga goti penye malalo ya ndama. Goti likilowa, ajue ndama amelala kwenye unyevu.

Manyoya yaliyolowa hayatunzi joto. Ndama hutetemeka, na maziwa anayokunywa huishia kupambana na baridi badala ya kumkuza.

Basi mfugaji, kumbuka: malalo makavu. Ondoa yaliyolowa, weka nyasi kavu au maranda, tena kwa wingi. Ziba upande unakotoka upepo, lakini acha hewa ipite juu. Ndama akizaliwa, mkaushe, mpe dang'a mapema.

Leo usiku, kabla hujalala, piga goti bandani. Hakikisha malalo ni makavu.