Kiti cha Tatu

Masomo: 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:1-13

Tunazungumza nanyi kutoka Ngaremara, kando ya barabara kuu inayotoka Isiolo kwenda Archers Post na kuendelea hadi Moyale.

Jambo tutakalosema leo huenda likaonekana dogo. Tutazungumza habari ya watoto watatu na gari dogo. Lakini Mungu hutufundisha mara nyingi kwa vitu vidogo vya nyumbani, na somo hili tulifundishwa kwa machozi.

Katika kitabu cha pili cha Samweli tunasoma juu ya mtoto aliyeitwa Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa na umri wa miaka mitano habari zilipofika kutoka Yezreeli kwamba baba yake na babu yake wameuawa vitani. Yaya wake akamchukua, akakimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili maisha yake yote.

Ndugu msikilizaji, mwangalie yule yaya. Hakuwa mtu mbaya. Angeweza kukimbia peke yake, lakini alimchukua mtoto kwanza. Alimpenda, naye alimshika kwa mikono yake miwili. Hata hivyo mtoto alianguka. Biblia haimlaumu, wala sisi hatuna haki ya kumlaumu. Inatuonyesha tu kwamba mikono yenye upendo inaweza kushindwa siku ya hatari.

Sisi tumekuwa yaya yule.

Mnakumbuka ukame uliotupiga kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikufa, mbuzi wakafuata, na boma nyingi zilibaki tupu. Katika mwaka 2022 jamaa yetu mmoja alituletea binti yake mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, tumlee mpaka hali itengemae. Tulikuwa na watoto wetu wawili, wa miaka sita na wa miaka mitatu. Tulimpokea kwa furaha. Tulimtafutia sahani, kikombe, blanketi na mahali pa kulala. Kanisani tulisema, "Sasa Mungu ametupa watatu."

Lakini garini tulikuwa na viti viwili tu vya watoto. Viti hivyo vya kufungwa juu ya kiti cha gari tulikuwa tumevinunua Nairobi kwa akiba ya muda mrefu. Kila kimoja kilikuwa na upana wa sentimita 44. Siku moja tuliazima cha tatu tukajaribu kukiingiza katikati. Mlango haukufungika. Tukakirudisha, tukasema, "Gari ni dogo, tutafanyaje? Huyu mdogo atakaa mapajani mwa mama."

Basi ikawa hivyo kwa miezi kadhaa. Wale wawili walikaa nyuma wamefungwa, na yule mgeni wetu alikaa mbele mapajani. Tuliona ni upendeleo, maana yeye ndiye aliyekumbatiwa.

Jioni moja tulikuwa tukirudi kutoka sokoni Isiolo. Hatukuwa na mwendo mkali. Karibu na nyumbani mbuzi walitoka vichakani kwa ghafla, wakavuka barabara. Tulikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama, mbuzi wakapita salama. Lakini mtoto alichomoka mikononi, akaipiga dashibodi kwa paji la uso. Damu ikatujaa nguo. Tulipogeuka nyuma, wale wawili walikuwa wameketi vilevile, na ndizi zao mikononi.

Tulirudi mjini mbio hadi hospitalini. Mtoto alishonwa nyuzi nne, na kwa rehema za Mungu hakuumia zaidi. Muuguzi alituuliza, "Garini mlikuwa na watoto wangapi?" Tukasema, watatu. "Wale wengine walikaa wapi?" Tukasema, kwenye viti vyao. Akatuuliza kwa upole, "Na huyu?"

Tulinyamaza. Ilitubidi tukubali jambo ambalo hatukuwa tumelisema hata kwetu wenyewe. Aliyekosa kiti alikuwa yule aliyekuja nyumbani mwisho, asiyezaliwa nasi. Kama angekuwa mtoto wetu wa kuzaa, je, tungejaribu kiti cha tatu mara moja tu, kisha tukaacha? Tulimpa mikono yetu, lakini hatukumpa mahali.

Siku chache baadaye mama mmoja mzee wa hapa, Mturkana, alikuja kumpa mtoto pole. Tulipomweleza mambo yalivyokuwa, alitikisa kichwa. "Mama," alisema, "sisi tulipohama na mifugo hatukumshika mtoto mkononi juu ya punda. Alikuwa na kikapu chake cha fito na ngozi, kimefungwa ubavuni. Punda akishtuka, mkono husahau. Kikapu hakisahau."

Mkono husahau. Maneno hayo tumeyatunza moyoni.

Wataalamu wa barabara wanasema neno hilohilo kwa hesabu. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 200. Ni nani kati yetu, hata awe mpakiaji wa magunia, anayeweza kuushika mzigo huo kwa ghafla? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba viti vya watoto vikitumiwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa asilimia 71. Shirika hilohilo linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote.

Basi tulichukua futikamba. Kiti cha nyuma, kutoka mlango hadi mlango, kilikuwa sentimita 124. Viti vitatu vya sentimita 44 vinahitaji 132. Tulipungukiwa sentimita nane, na kwa ajili ya sentimita nane mtoto alikuwa amemwaga damu.

Fundi mmoja alitaka kuchonga pembeni mwa viti ili vienee. Tulikataa, maana kiti kilichokatwa kimepoteza nguvu yake. Mwingine alisema tuwafunge wawili kwa mkanda mmoja. Tulikataa hilo pia, kwa kuwa watoto waliofungwa pamoja hugongana vichwa. Tuliuza mbuzi watatu, tukaanza kutafuta viti vyembamba. Tulijifunza mambo ambayo tungependa nanyi myajue.

Mtoto mdogo hukaa akitazama nyuma. Kichwa chake ni kizito na shingo yake bado ni laini; gari likigonga mbele, mgongo wa kiti humpokea mwili mzima. Daktari Bertil Aldman wa Sweden alitengeneza kiti cha namna hiyo tangu mwaka 1964, baada ya kuona jinsi wanaanga walivyolazwa chali ili kustahimili nguvu za chombo chao. Lakini kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa maana ukifumuka unaweza kumwua mtoto.

Mtoto mkubwa kidogo hukalia kiti cha kumwinua tu, kisicho na mgongo, ili mkanda wa gari upite begani na nyongani badala ya shingoni na tumboni. Kiti hiki ni chembamba. Lakini kinahitaji mkanda wenye sehemu ya begani, na katika gari letu mahali pa katikati pana mkanda wa kiunoni tu. Kwa hiyo mkubwa ilimpasa akae mlangoni, ingawa tulidhani katikati ndipo pake.

Mwisho tulipanga hivi. Mgeni wetu mdogo alikaa mlangoni upande wa kushoto, akitazama nyuma, katika kiti cha sentimita 44. Katikati tulimweka wa miaka mitatu, katika kiti cha sentimita 40 chenye mikanda yake yenyewe, ambacho kitabu chake kinaruhusu kifungwe kwa mkanda wa kiunoni. Mlango wa kulia alikaa mkubwa, katika kiti cha sentimita 38. Jumla yake ni 122. Sentimita mbili zilibaki, upana wa kidole gumba! Yule anayetazama nyuma mabega ya kiti chake yako upande mmoja, na mwenzake anayetazama mbele mabega yake yako upande mwingine, kwa hiyo viti vilikaa bila kusukumana.

Tulifunga cha katikati kwanza, kwa sababu baadaye mkono haupiti. Tulivishika kila kimoja penye mkanda, tukakitikisa. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Na tunapopanda kwenda Timau kwenye baridi, tunawavua watoto majaketi mazito kabla ya kuwafunga, kisha tunawafunika blanketi juu ya mikanda. Jaketi nene huacha mkanda ukilegea ndani yake.

Siku ya kwanza tulipowafunga wote watatu, mlango ukafungika, tulikaa garini kimya kwa muda. Halafu tuliomba, tukatubu.

Sasa pengine unasema, "Ninyi mna gari. Sisi tunapanda matatu na bodaboda." Ni kweli, na wengi wa washarika wetu ni hivyo. Lakini neno hili ni lenu pia. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutumika Februari 2004 wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliagiza kila kiti cha matatu kiwe na mkanda. Mtoto anayeweza kuketi mwenyewe, mlipie nauli yake, akae na kufungwa mkanda wake. Tunajua nauli ni ngumu. Lakini mara nyingi tunampakata ili tuokoe shilingi, kisha tunaita ni mapenzi. Aliye mchanga sana, kaa naye nyuma, si kando ya dereva, wala usimzungushie mkanda wako pamoja nawe, kwa kuwa uzito wako utamponda. Dereva akikimbiza gari, mwambie apunguze mwendo. Usione haya. Na ndugu zetu wa bodaboda, pikipiki ni ya abiria mmoja. Watoto watatu wa shule juu ya pikipiki moja ni Mefiboshethi watatu mikononi mwa yaya mmoja.

Tena, tusiishie barabarani. Habari ya Mefiboshethi ina sehemu ya pili. Miaka ilipita. Mtoto yule akawa mtu mzima, akiishi Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Ndipo mfalme Daudi alipouliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani. Alipoletwa, aliogopa, akaanguka kifudifudi. Daudi hakumpa sadaka ya mlangoni akamrudisha kwao. Alimrudishia mashamba ya babu yake, na akamwagiza ale chakula daima mezani pa mfalme, kama mmoja wa wana wake.

Angalieni neno hilo: daima. Mefiboshethi hakualikwa kwa sikukuu moja. Alikuwa na kiti. Asubuhi akija, kiti kipo. Jioni akija, kiti kipo. Hakuna aliyehitaji kusogea kwa kunung'unika ili yeye apate pa kuketi.

Je, nyumbani mwako kuna nani asiye na kiti? Yatima uliyempokea, analala wapi wageni wakija? Karo ikipungua, ni nani anayeambiwa angoje muhula ujao? Msichana wa kazi anakula wapi? Kanisani, familia iliyohamia juzi kwa sababu ya ukame au kukosa amani, tumeipigia makofi Jumapili ya kwanza. Je, Jumapili ya kumi ina mahali? Tunapenda kukumbatia. Kukumbatia hakuhitaji futikamba. Lakini upendo wa Daudi ulihesabu mashamba, ukataja meza, ukaweka kiti kabla ya chakula kuletwa.

Kovu dogo bado lipo katika paji la uso la binti yetu. Tunasema binti yetu. Kila tunapomfunga mkanda tunaliona, nasi tunamshukuru Mungu aliyetuonya kwa nyuzi nne badala ya kaburi.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, umetupokea sisi tuliokuwa mbali, ukatupa mahali mezani pako. Tusamehe kwa kila mtoto tuliyempa mikono bila kumpa mahali. Tufundishe kupima, kugharimia na kuandaa kabla ya siku ya hatari. Walinde watoto wetu wote barabarani, walio garini, walio kwenye matatu, na wale waendao shule kwa miguu kando ya lami. Mpe hekima kila dereva. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.