Askari Polisi na Shahada ya Sheria
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kigoma)



 Katibu wetu alinitaka niseme juu ya elimu ya mtu mzima aliye kazini. Jambo hilo ni pana kama ziwa letu, na mwenye kutaka kulivuka lote kwa saa moja atazama njiani. Kwa hiyo nimechagua mtumishi mmoja tu, naye ni askari polisi atafutaye shahada ya sheria hali angali akishika zamu. Nimemchagua yeye kwa sababu kosa la karani aghalabu hufutwa na kuandikwa upya, lakini kosa la askari laweza kumtia gerezani mtu asiye na hatia, au kumwacha mwizi arudi kwake akicheka.

Kwanza nitasema asili ya elimu hii. Watu wengi hudhani ya kuwa polisi kwenda chuo kikuu ni jambo la jana. Sivyo. Katika mji wa Berkeley, California, nchi ya Marekani, alikuwako mkuu wa polisi jina lake August Vollmer, ambaye mwenyewe hakupata masomo makubwa ya shule. Mwaka 1908 alianzisha shule kwa ajili ya askari wake, na mwaka 1916 mafunzo ya kazi ya polisi yakaanza kutolewa katika Chuo Kikuu cha California. Humo ndimo ilimochipuka elimu ambayo sisi leo twaiita haki jinai, yaani elimu ya safari yote ya shauri, tangu mtu kukamatwa hata kuhukumiwa, kisha kufungwa au kuachiliwa. Jina hilo lilienea sana kwetu mwaka 2023, wakati Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipochunguza kazi za polisi, waendesha mashtaka, magereza na wengineo, ikatoa taarifa yake mwezi wa Julai mwaka huo huo.

Je, askari wa Kigoma, aliyemaliza kidato cha nne akaingia kazini, atapita njia gani? Njia ipo, nayo ni ya ngazi. Ngazi ya kwanza ni astashahada ya sheria, ya pili ni stashahada. Hizo hutolewa na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, na vyuo vingine pia. Ngazi ya tatu ndiyo shahada yenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na ukuta zamani, kwa kuwa chuo kikuu kilikuwa mbali, na mwenye kukiendea ilimpasa aache kazi na mshahara. Ukuta huo ulibomolewa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichowekwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Chuo hicho humfuata mwanafunzi alipo. Kina vituo mikoani, na Kigoma ni mmojawapo, hata askari akihamishwa kwenda Mtwara au Mara, masomo yake huweza kuhama pamoja naye.

Kama yuko asemaye kwamba elimu ya mbali ni elimu hafifu, namkumbusha habari ya Nelson Mandela. Yeye alisoma sheria akiwa mfungwa, na mwaka 1989, kabla ya kufunguliwa, alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, ambacho hufundisha kwa njia ya mbali. Ikiwa mfungwa aliweza kusoma ndani ya kuta, askari mwenye funguo mkononi atatoa udhuru gani?

Hata hivyo sitaki kuwadanganya kwamba kazi ni nyepesi. Askari hana jioni iliyo yake. Leo yuko zamu ya usiku, kesho anaitwa kwenda Kibondo, na siku ya mtihani huweza kuangukia siku ya doria. Ada hutoka katika mshahara ule ule unaolisha watoto na kumtunza mama kijijini. Tena liko jambo la lugha. Askari huandika maelezo ya watu kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lakini vitabu vya shahada ni vya Kiingereza, na mtu aliyekaa miaka 10 bila kusoma Kiingereza hukuta kila ukurasa ni mlima. Mwenzi wake nyumbani naye huchukua sehemu ya mzigo huo, wala jina lake haliandikwi katika cheti. Yafaa tumtaje hapa.

Basi faida yake nini? Nitaieleza kwa mfano wa huku kwetu. Tuseme mtu amekamatwa Kalya kwa tuhuma ya kuiba injini ya boti ya mvuvi, naye yapasa aletwe Kigoma kwa njia ya ziwa. Safari ni ndefu, na ndani ya boti hakuna la kufanya ila kutazama maji. Askari asiyejua sheria huanza mazungumzo: Injini umemwuzia nani? Mlikuwa wangapi? Aona ametumia wakati vizuri. Kumbe Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa polisi saa 4 tu za kumhoji mtu, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi, isipokuwa muda uongezwe kwa njia iliyoamriwa. Saa za kumsafirisha mtu hazihesabiwi, maadamu askari amejizuia asimhoji njiani. Huyu hakujizuia. Kwa hiyo maneno yake ya botini yaliifanya saa iendelee kuhesabu, na alipofika kituoni akaandika maelezo marefu yenye ungamo lote, muda ulikuwa umekwisha kitambo. Shauri likifika mahakamani wakili husimama na kuuliza saa, na maelezo yale huweza kukataliwa. Mara nyingi Mahakama ya Rufani imeyatupa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda. Mvuvi amekosa injini yake, amekosa na haki yake.

Sasa mtazameni askari aliyesoma. Ndani ya boti huzungumza habari za upepo na dagaa tu. Afikapo kituoni humweleza mtu yule kosa analotuhumiwa, humwambia kwamba anayo haki ya kumwita wakili, ndugu au rafiki, huandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mali iliyokamatwa huitolea hati yenye sahihi za mashahidi. Ikiwa yule mtu ndiye mwizi, ushahidi utasimama. Ikiwa siye, amelindwa tangu siku ya kwanza. Tofauti ya askari hawa wawili si ukali wala upole, ni elimu. Tena elimu hiyo ina fadhila moja kwa mwenye kusoma huku akifanya kazi: alilolisoma usiku atalijaribu asubuhi penye meza ya kituo, kabla halijasahauliwa.

Yatupasa kukumbuka pia kwamba mambo yamebadilika. Zamani katika mahakama za chini polisi alipeleleza, na polisi mwenzake akasimama kushitaki. Sheria ya mwaka 2008 ya huduma za mashtaka ilikusudia kuzitenga kazi hizo mbili. Leo jalada la askari husomwa na mwendesha mashtaka aliyesomea sheria, hupingwa na wakili aliyesomea sheria, na huamuliwa na hakimu aliyesomea sheria. Ni ajabu basi kwamba yule aandikaye ukurasa wa kwanza, ambao wengine wote huutegemea, ndiye tusiyejali kama amesoma au la. Nyumba huanguka kwa msingi wake.

Husemwa kwamba askari akiisha kupata shahada huacha kazi akawa wakili. Ni kweli wako waendao. Lakini mara nyingi mtu huondoka kwa sababu alirudi na shahada yake akawekwa kulinda lango lile lile alilolilinda kabla ya kusoma. Dawa yake si kumnyima ruhusa ya kusoma, bali kumweka katika upelelezi, mahali ambapo elimu yake itafanya kazi. Na ninyi mlioko nyuma nawaambieni: shahada si cheo, wala hakuna aliyewaahidi nyota begani. Asomaye kwa ajili ya nyota tu atavunjika moyo mwaka wa pili. Asomaye kwa ajili ya yule mtu aliye ndani ya boti atafika. Wazee wa pwani husema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nasi tulio upwani mwa Tanganyika twajua maana yake.

Bwana Mwenyekiti, maneno bila tendo ni upepo. Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano maombi matatu. La kwanza, chumba chetu cha mikutano kifunguliwe jioni 3 kila juma, taa ikiwaka, kwa mtumishi yeyote asomaye, askari au karani. La pili, tununue kwa fedha za chama Katiba ya mwaka 1977, Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 na hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, zikae hapa zisomwe na wote. Na wale wenye Kiingereza kizuri kati yetu wawasaidie wenzao kuzielewa. La tatu, Katibu atayarishe mfano wa barua ya kuomba ruhusa, ili kila asomaye ampelekee mkuu wake tarehe za mitihani mapema na kwa maandishi. Mkuu aliyepewa tarehe miezi 3 mbele ana nafasi ya kupanga zamu. Aliyeambiwa jana yake hana.

Mambo haya hayahitaji mali nyingi, yahitaji nia. Naomba yapigiwe kura jioni hii kabla hatujatawanyika. Mwenye swali na aulize.